Bustani juu ya nyumba iliyokwisha kujengwa: namna ya kuamua ukiwa Arusha au Moshi

Picha za mapaa yaliyoota majani zimejaa kwenye simu zetu, na nyingi ni za majengo yaliyochorwa tangu mwanzo yabebe bustani. Mtu wa Njiro au wa Rau ana shida nyingine. Nyumba yake ipo, imekwisha kuezekwa au kumwagwa zege, watu wanaishi ndani, na sasa anajiuliza kama anaweza kupandisha udongo juu.

Hatua zilizo hapa nimezipanga kwa gharama. Za mwanzo hazikugharimu kitu kikubwa isipokuwa ngazi, ndoo, mzani, vipimajoto viwili na neti, nazo ndizo zitakazowaondoa walio wengi. Usizirukie. Ukikwama kwenye hatua ya kwanza au ya tatu, umeokoa pesa ya mhandisi, ya mkeka wa lami na ya vibarua.

Hatua ya 1: Panda juu uone paa lako ni la nini

Kama nyumba ina kenchi za mbao na bati, jibu ni hapana. Bati la geji 30 lina uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu kwa mita moja ya mraba. Kenchi zilizo chini yake ziliwekwa zibebe hilo bati, upepo, dari ya jipsamu na fundi mmoja anayekanyaga kwa adabu kwenye mistari ya misumari. Bustani nyembamba kabisa, yenye udongo wa sentimita 6 hadi 8, ikishalowa ina kilo 60 hadi 100 kwa mita hiyo hiyo. Hiyo ni mara ishirini hadi arobaini ya bati. Kuna watakaokwambia kenchi zinaweza kuongezwa nguvu. Zinaweza, ila hapo unajenga paa jipya, na kuta pamoja na msingi navyo vitataka kuulizwa.

Mtego wa miji yetu ni nyumba za kisasa za paa lililofichwa. Ukisimama barabarani Moshono au Olasiti unaona boksi lenye kuta zilizonyooka hadi juu, unaapa kwamba kuna slabu, yaani paa la zege. Ukipanda ngazi unakuta bati limelazwa kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta, na mfereji wa maji pembeni. Hilo nalo ni bati. Limejificha tu.

Zinabaki nyumba za slabu, nazo ziko za aina mbili. Ipo slabu iliyomwagwa iwe paa la mwisho. Na ipo iliyomwagwa iwe sakafu ya ghorofa ambayo pesa yake haijapatikana bado. Utaitambua kwa nondo zilizosimama juu ya nguzo zikila kutu mwaka hadi mwaka. Hii ya pili ndiyo yenye matumaini zaidi, na sababu yake iko kwenye hatua ya 5. Lakini kama kweli unategemea kupandisha ghorofa miaka michache ijayo, usitandaze udongo. Weka makasha na vyungu vinavyohamishika, yaishe.

Kibaraza kinachoning'inia bila nguzo mbele kitoe kwenye hesabu kabisa. Nguvu yake yote inategemea nondo za juu, na siku ya kumwaga zege hizo ndizo zinazokanyagwa na mafundi zikashuka chini. Hutaona kosa hilo kwa macho. Mtu anaweza kukaa juu ya kibaraza hicho miaka ishirini salama, na bado kisiwe mahali pa kupanga vyungu ukingoni.

Hatua ya 2: Sema unataka nini, kisha ujaribu bila udongo

Wengi wanataka mambo matatu kwa mkupuo: chumba cha juu kipoe, mboga zipatikane, na pawe na mahali pa kukaa jioni Meru au Kibo ikiwa wazi. Mambo hayo yanagombana. Kupoza chumba kunatosha udongo wa sentimita 10 wenye mimea ya kutambaa, na usikanyagwe ovyo. Mnafu na spinachi zinataka sentimita 20 au zaidi, maana yake uzito mara mbili. Kukaa kunataka sakafu, ukuta wa pembeni wa mita 1.1 watoto wasianguke, na slabu inayobeba watu juu ya bustani. Chagua moja liwe la kwanza.

Kwenye suala la joto, takwimu zinazosambaa zinatupoteza. Miji kama Toronto ya Kanada, ambayo mwaka 2009 ilipitisha sheria ya kulazimisha majengo mapya makubwa yawe na paa la mimea, inahesabu faida yake kwa viyoyozi vya kiangazi, joto la kupasha nyumba wakati wa baridi na maji ya mvua yanayoelemea mitaro ya jiji. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyumba nyingi hazina kiyoyozi, na Juni na Julai watu wanatafuta masweta. Hakuna bili ya umeme ya kuokoa pale. Moshi, iliyo chini zaidi kati ya mita 800 na 900, ina kesi yenye uzito: Januari na Februari slabu tupu hunywa jua kutwa, na saa tatu usiku chumba kilicho chini yake bado kinawaka.

Kwa hiyo pima. Nunua vipimajoto viwili vya bei nafuu, kimoja chumba cha juu, kingine chumba cha chini kinachotazama upande uleule. Andika saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa wiki nzima ya jua kali. Wiki inayofuata tandika neti ya kivuli, ile wanayotumia wakulima wa mboga Tengeru, nusu mita juu ya slabu, hewa ipite chini yake, kisha upime tena. Ikiwa tofauti ya juu na chini haikufika nyuzi mbili tangu mwanzo, mimi nisingepandisha udongo kwa sababu ya joto. Na kama neti peke yake imemaliza tatizo, umepata jibu rahisi kuliko ulivyotegemea. Rangi nyeupe juu ya slabu nayo hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, mradi irudiwe ikichakaa na kuchafuka.

Hatua ya 3: Uliza maji ya mvua yako yanakwenda wapi

Hii huenda usiikute kwenye miongozo ya Ulaya, lakini Arusha inaweza kumaliza mjadala peke yake.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru imetia floraidi kwenye chemchemi na visima vingi vya Arusha na Arumeru. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko ni alama yake, na mifupa huumia pia pale inapozidi sana. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita; vyanzo vingi upande huu vinapita hapo. Kuchemsha hakusaidii, kunapunguza maji na kuacha floraidi palepale. Mvua ndiyo haina floraidi ya kutajika, na ndiyo maana watu wenye akili zao wana gata na tanki.

Bustani juu ya paa inagusa maji hayo kwa njia mbili. Kwanza inayanywa: udongo mkavu wa sentimita 10 unaweza kushika milimita 20 hadi 30 za mvua ya kwanza, na mvua ndogondogo za Desemba zinaweza zisifike kwenye bomba kabisa. Pili, yanayotoka yana rangi ya chai na mabaki ya mbolea. Yanafaa kumwagilia chini na kusafishia choo. Kunywa, hapana.

Fanya hesabu kabla ya kukata tamaa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tuchukue mvua ya milimita 900 kwa mwaka, tupoteze asilimia 20 kwa kumwagika na kuosha paa. Paa la mita 100 za mraba linakupa lita 72,000. Sasa familia inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupika inahitaji lita 7,300 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 15 tu, la baraza au la gereji, linatoa lita 10,800. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni siku 150, yaani lita 3,000. Tanki la lita 5,000 linavuka vizuri. Kwa hiyo ukiwa na kipande cha bati kisicho na bustani kinachopeleka maji kwenye tanki lake peke yake, unaweza kuwa na vyote viwili. Usipokuwa nacho, na maji ya kunywa ya nyumba hiyo yanatoka kwenye slabu hiyo hiyo, ushauri wangu ni kuachana na bustani. Majani hayana thamani ya meno ya watoto.

Hatua ya 4: Pima udongo wako kwa ndoo

Usichukue uzito wa udongo kutoka kwenye mtandao. Chukua ndoo ya lita 20 yenye tundu chini, ijaze udongo unaotaka kutumia, ushindilie kidogo kwa mkono, uiloweke usiku kucha kwenye beseni la maji. Asubuhi iinue, iache ichuruzike mpaka iache kudondosha mfululizo, ipime, utoe uzito wa ndoo. Gawa kwa 20, halafu zidisha kwa 10. Unachopata ni kilo kwa kila sentimita moja ya unene, kwenye mita moja ya mraba.

Mfano. Udongo mweusi wa shambani, wenye rutuba, ule mtu wa kihamba angejivunia, unaweza kukupa kilo 34 kwa ndoo: 1.7, yaani kilo 17 kwa kila sentimita. Sentimita 10 ni kilo 170. Mchanganyiko wa mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, yaliyopondwa na kuchekechwa, pamoja na mboji kidogo, unaweza kushuka hadi kilo 24 kwa ndoo, yaani 12 kwa sentimita na 120 kwa sentimita 10. Tofauti ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba inaweza kuwa ndiyo tofauti ya ndiyo na hapana. Hapa bahati ni yetu. Nchi nyingi huagiza mawe hayo kutoka mbali. Sisi tumekaa katikati ya Meru na Kilimanjaro, na vilima vidogo vya volkano vimetapakaa kote huku. Chekecha vumbi lote, maana ndilo linaloziba vichujio na mabomba.

Rutuba nyingi si sifa juu ya paa. Mboji ikizidi inaoza, udongo unashuka, magugu yanashangilia.

Hatua ya 5: Sasa mwite mhandisi

Fundi atakwambia, "Bosi, hii slabu inabeba hata lori." Anasema kwa nia njema. Slabu imebeba watu siku ya kipaimara na haikupasuka, ndiyo hoja yake. Lakini watu wa sherehe huondoka saa nne usiku. Udongo uliolowa unabaki pale Machi, Aprili na Mei, mwaka baada ya mwaka, na zege lenye mzigo wa kudumu huendelea kulegea polepole kwa miaka.

Unamtaka mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Muombe namba yake ya usajili, hatakasirika. Ukikosa pa kuanzia, Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha uhandisi ujenzi na ni mahali pazuri pa kuulizia. Mpelekee michoro ya nyumba kama ipo. Kama haipo, ambayo ndiyo hali ya kawaida, kazi yake inakuwa kubwa zaidi: apime unene wa slabu, atafute nondo zilipo na zimeachana kiasi gani, apime ugumu wa zege kwa nyundo ya Schmidt, na pengine atoboe sampuli. Mhandisi atakayesimama mlangoni, akapiga mguu chini mara mbili na kusema "iko sawa" hujampata bado.

Kabla hajafika, zunguka mwenyewe chini ya slabu. Nyufa zinazofuata mstari wa nondo, zege lililobanduka likaonyesha chuma chenye kutu, madoa ya maji, tumbo la slabu lililoshuka katikati (funga uzi kutoka ukuta hadi ukuta utaliona). Lolote kati ya hayo ni la kurekebisha hata kama hutaki bustani.

Namba za kukusaidia kufuata mazungumzo ni hizi. Kwenye viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wetu wamevitumia kwa muda mrefu, paa lisilokusudiwa kukanyagwa hupewa mzigo wa kilo 60 hadi 75 kwa mita ya mraba, kwa ajili ya mafundi wa matengenezo. Paa la kutembelewa na sakafu ya nyumba ya kuishi hupewa kilo 150 hivi. Slabu iliyokusudiwa kuwa sakafu ina ziada nyingine: ilihesabiwa vigae, plasta ya sakafu na kuta za kugawia vyumba, ambavyo kwa pamoja vinaweza kufika kilo 100 au zaidi, na havijawekwa. Nafasi hiyo tupu ndiyo mlango wa bustani yako. Sentimita 10 za mchanganyiko mwepesi ni kilo 120, weka kilo 15 za matabaka na mimea, unafika 135. Inaweza kuingia. Inaweza isiingie.

Na hapa ndipo kasoro ya slabu ya aina hii inapojitokeza. Slabu ya sakafu imemwagwa tambarare, haina mteremko, na bustani bila mteremko ni bwawa. Fundi atapendekeza amwage zege la mteremko. Kwa upana wa mita 5 na mteremko wa asilimia moja na nusu, upande wa juu unapanda sentimita 7 na nusu. Wastani wake pamoja na unene wa chini kabisa ni sentimita 5 hivi, na hizo ni kilo 100 hadi 120 kwa kila mita ya mraba. Nafasi yako yote imeliwa kabla hujaleta hata koleo moja la udongo. Mwulize mhandisi swali hili waziwazi, kwa sababu mara nyingi mwenye nyumba anampa hesabu ya udongo peke yake, na zege la mteremko linakuja baadaye kama kazi ya fundi.

Mwulize pia habari ya tetemeko. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ilitikisika mfululizo karibu na mlima Gelai, tetemeko kubwa likisikika mpaka Nairobi, na muda si mrefu Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Uzito unaouongeza juu kabisa ya nyumba ndio unaosukuma nguzo kwa nguvu zaidi ardhi inapocheza. Nyumba iliyo wazi upande wa chini, yenye maduka mbele na nguzo chache, ghorofani kuta nzito, ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Jibu la mhandisi linaweza pia kuwa la vipande: hapa ndiyo, pale hapana. Likubali. Udongo si lazima uwe na unene mmoja. Chicago waliweka bustani juu ya jengo la halmashauri ya jiji lililojengwa 1911, wakaikamilisha 2001, na unene wa udongo ukawa tofauti tofauti, mahali sentimita 10, mahali 45 hivi. Vitu vizito hukaa juu ya nguzo na bimu, katikati ya slabu panabaki pepesi.

Ukiambiwa hapana

Zipo njia za kupata sehemu kubwa ya ulichotaka. Makasha marefu juu ya kuta na bimu za pembeni, yakipandwa mipasheni inayotambaa kwenye waya juu ya slabu, yanatoa kivuli na matunda bila kulaza uzito katikati. Hilo nalo mhandisi alione. Mti mmoja mzuri upande wa magharibi wa nyumba unafanya kazi ambayo paa la majani haliwezi, kwa sababu jua la saa kumi linaingia kupitia ukuta na dirisha. Neti na rangi nyeupe nimeshavitaja. Nyumba ya bati inaponea kwenye matundu ya hewa chini ya paa na dari iliyofungwa vizuri.

Hatua ya 6: Jaza maji kabla ya kujaza udongo

Slabu inayovuja leo haitaacha kuvuja ikifunikwa. Itavuja kwa siri, na maji yataingilia kona moja yakatokea chumba kingine.

Ziba, kisha jaribu. Mkeka wa lami wa kuchoma kwa moto ndio unaopatikana kwa urahisi na mafundi wanaujua. Ila mizizi hupenya lami, kwa hiyo juu yake lazima pawe na karatasi ngumu ya plastiki, ile inayotandikwa kwenye mabwawa ya samaki, maungio yakiwa yameunganishwa kwa joto badala ya kupishanishwa tu. Ukingoni mkeka na plastiki vipandishwe ukutani sentimita 15 juu ya uso wa udongo utakaokuja, usipime kutoka kwenye slabu. Nondo zilizosimama kwenye nguzo ni adui hapa: kila moja ni tundu. Mhandisi aamue zikatwe au zifunikwe kwa zege, na kila nguzo ipandiwe na mkeka kama ukuta.

Baada ya hapo ziba mabomba, jaza maji sentimita 3 hadi 5, yaache saa 24 hadi 48. Kila sentimita moja ni kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo jaribio hili linakuja baada ya mhandisi, kamwe si kabla. Weka alama ya penseli ukutani kujua maji yameshuka kiasi gani, na mtu akae chini na tochi.

Mabomba yawe mawili angalau, hata kwa paa dogo, na ukuta wa pembeni uwe na tundu la dharura. Bila hilo, majani yakiziba bomba usiku mmoja wa Aprili, maji ya sentimita 20 nyuma ya ukuta ni kilo 200 kwa mita ya mraba ambazo hakuna aliyezihesabu. Kila tundu lizungukwe na kokoto tupu, bila udongo, upana wa sentimita 30 hadi 50, na kifuniko unachoweza kukiinua kwa mkono. Maji yanayotuama pia ni mazalio ya mbu, na Moshi ya chini haihitaji mbu wa ziada.

Matabaka mengine hayana siri: kitambaa kinene cha kulinda plastiki isitobolewe, kokoto nyepesi au mikeka ya kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja, halafu udongo.

Hatua ya 7: Mimea, na nani atamwagilia Septemba

Mimea inayonyonya jua la hapa hutoa maji ya kama lita 3 hadi 5 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Kwa nyasi za Pemba kwenye mita 80, ukimwagilia lita 3 tu, ni lita 240 kila siku: ndoo kumi na mbili, juu ya ngazi, wakati wa mgao. Ndiyo maana nyasi hizo, nzuri kama zilivyo uani, sizipendekezi juu. Mishubiri mifupi, mkonge pori wa majani madogo na mimea mingine yenye majani manene ya kuhifadhi maji itavumilia wiki kadhaa bila kitu. Haina sura ya uwanja wa gofu. Katikati ya kiangazi itakuwa na rangi ya shaba, na hiyo ni afya yake.

Migomba isahau. Najua kuna mtu wa Moshi ameshaifikiria. Inataka udongo mwingi, upepo unaiangusha, na mkungu wake ni mzigo juu ya mzigo. Masale nayo yakae kwenye chungu juu ya nguzo. Adui wa kuwinda kila mwezi ni miche ya mikuyu inayoletwa na ndege: inaanza na majani mawili, na mizizi yake inaingia kwenye ufa wowote wa zege. Ing'oe ingali ya kidole.

Hatua ya 8: Karatasi

Badiliko la namna hii liulizie kibali cha ujenzi halmashauri ya Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi kabla hujaanza, ukiwa na maandishi ya mhandisi mkononi. Kama nyumba ina wapangaji, mwandikiane nani anapanda juu, nani ana ufunguo, na nani anasafisha mabomba. Kama wewe ndiye mpangaji, vyungu vinakutosha.

Ratiba, ukishapata ndiyo

Weka mkeka na plastiki Agosti au Septemba, slabu ikiwa kavu kabisa, na ufanye jaribio la maji. Funika kwa kitambaa cha kulinda, kisha usipandishe udongo bado. Acha vuli ya Novemba na Desemba ipige, ukikagua dari za chini kila baada ya mvua kubwa. Mvua ya kweli hupiga kwa pembe na kwa upepo, na huona matundu ambayo maji yaliyotulia hayakuyaona.

Udongo upandishwe Januari na Februari. Mita 80 kwa sentimita 10 ni mita za ujazo 8, yaani ndoo 400 za lita 20. Simamia mwenyewe jambo moja: usiruhusu vibarua warundike mahali pamoja. Lundo la mita moja kwenda juu ni zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba, na slabu iliyohesabiwa vizuri inaweza kuharibiwa siku ya kupandisha udongo, kabla ya mche wa kwanza. Ndoo ikifika juu itandazwe hapo hapo.

Panda mwanzoni mwa Machi, mvua za kwanza zikionekana. Funika nafasi tupu kwa magunia ya katani ili masika isioshe udongo kabla mizizi haijashika, na uyaache yaoze yenyewe. Inua vifuniko vya mabomba kila wiki mpaka Mei. Baadaye, mara moja kwa mwezi inatosha, na mara moja ya lazima mwishoni mwa Oktoba.